Tembe la Kwihara, Tabora: niliposhuhudia igizo la wapagazi

Ukisikia kuna ngoma au igizo kwenye Tembe la Livingstone pale Kwihara, jumba alilokaa yule mmisionari na msafiri Mskoti, nenda. Wengi wetu wa Tabora jumba lile tunalijua kwa ziara za shule tu: unaoneshwa barua na ramani, unapiga picha mlangoni, unarudi mjini. Mimi safari hii nilikwenda kama mtazamaji, na nimelipenda upya.

Ni kama kilomita 6 kutoka mjini, bodaboda wanapajua. Jumba ni tembe la kale kweli, kuta nene za udongo, paa la bapa, mlango wa nakshi kama ya pwani, na ua. Uani ndiko walikochezea. Manju aliimba bila kipaza sauti na waitikiaji wakasikika vizuri hadi kwetu tuliokaa nyuma, maana kuta zile zinaishika sauti haiendi kokote. Baadaye walioandaa wakawasha spika kwa ajili ya msimulizi, ikawa mwangwi mtupu, nusu ya maneno sikuyapata. Wasiilete tena.

Igizo lenyewe ndilo lililonigusa. Livingstone alifika hapa Februari 1872 na Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta. Stanley akaondoka Machi kuelekea pwani, yeye akabaki akingoja wapagazi hadi Agosti. Hiyo kila mwongozaji atakusimulia. Vijana hawa walianzia pale hadithi nyingi zinapoishia. Mzee alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Watumishi wake Susi na Chuma na wenzao wakauzika moyo wake huko, wakaukausha mwili juani na kuubeba. Oktoba wakafika Kwihara na kumkuta Mwingereza Cameron, aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Cameron akawashauri wamzike hapa hapa, njia ya mbele ni ya hatari. Wakakataa.

Kukataa kule kulichezwa uani, hatua chache tu kutoka mlangoni. Aliyecheza nafasi ya Susi hakupaza sauti. Aliinama, akashika ncha ya mzigo, wenzake wakaanza wimbo wa safari mmoja mmoja. Watu waliacha hata kupiga picha. Kisha wakaonesha jinsi mwili ulivyofungwa upya ufanane na robota la nguo, kwa sababu vijiji vya mbele havikutaka maiti ipite. Februari 1874 ukafika Bagamoyo, na Aprili Livingstone akazikwa Westminster Abbey, London. Jacob Wainwright, mmoja wa wapagazi waliopelekwa kumfuata hapa Kwihara mwaka 1872, alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza. Susi na Chuma hawakuwahi mazishi. Sisi Wanyamwezi, ambao babu zetu walibeba pembe na vitambaa kwenye njia hii miaka na miaka, tumesubiri sana kuiona habari hii ikichezwa mbele yetu.

Kasoro zipo. Walichelewa sana kuanza, watoto wakawa wameshachoka na jua. Viti havikutosha, na kina mama wazee walisimama mpaka vijana wachache walipojiongeza kuwapisha. Waandaaji walete mikeka mingi, inatosha kabisa, na waanze jua likishapungua makali. Niliwaomba pia wasiruhusu watu kuegemea kuta wala kugongomea misumari ya mapambo, maana udongo ule ukimomonyoka hautengenezwi kwa siku moja.

Fika mapema uingie vyumbani kwanza, utalielewa igizo zaidi. Chukua maji, na kama umekuja kwa bodaboda mwambie dereva akusubiri au mpeane namba, kwa sababu jioni usafiri wa kurudi mjini ni wa kubahatisha. Wanafunzi wa sekondari wanaosoma historia wapelekwe bila kukosa. Nimeshawaambia walimu wawili mtaani kwetu, na kundi lile likitangaza siku nyingine nitakwenda na mama yangu.