Magofu: tuyapigie ngoma au tuyaache kimya?

Swali hili hurudi kila msimu wa tamasha ukikaribia. Chukua Ngome Kongwe ya Unguja, ilikoanzia tamasha la muziki la Sauti za Busara mwaka 2004, na magofu ya Kilwa Kisiwani, ambako ukifika utasikia zaidi upepo na mawimbi.

Kwa kuvuta watu, Ngome inashinda bila jasho. Kijana asiyejali kuta za kale huingia kwa ajili ya muziki, na akishaingia, kuta ameziona.

Kwa usalama wa jengo, mambo hugeuka. Kuta za pwani yetu ni mawe ya matumbawe na chokaa. Misumari ya mapambo, mtetemo wa spika na umati unaoegemea ukuta huzila polepole. Kinachoniudhi zaidi ni saruji ya kuziba nyufa haraka haraka: hufungia unyevu ndani, na chokaa kinamomonyoka. Ngome angalau ina ua mpana wa kuweka jukwaa mbali na kuta. Magofu ya Husuni Kubwa, jumba la kale la sultani pale Kilwa Kisiwani, hayana ubavu wa kuhimili hayo.

Lakini kimya nacho si ulinzi. Kilwa iliingia orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, ikatoka 2014, na si muziki ulioipeleka huko. Mmomonyoko wa bahari, mvua na mimea vilitosha.

Kama jengo lenu ni imara, lina ua na fundi wa chokaa yupo, fungueni milango. Kama ni magofu yasiyo na paa, anzeni na wasimulizi na vikundi vidogo, mchana.