Chaja yenyewe nzuri, ila ule unga wa kijani chini ya boksi usiupuuze

Hii chaja ya gari la umeme ya kufunga ukutani nimekaa nayo karibu mwaka sasa, ni ile ya kilowati 7, ampea 32, plagi ya Type 2. Kuchaji inachaji vizuri mno, usiku nachomeka asubuhi gari limejaa, apu haisumbui, na waya wake mrefu haukakamai hata kukiwa na baridi. Kwa hayo sina neno. Kilichonifanya niandike ni uchafu.

Mwezi wa saba hivi tangu ifungwe nikaona chini ya boksi, pale waya unapotokea, kuna kitu kama unga, kijani kinachoelekea bluu, kimegandiana kama chumvi. Nikadhani mambo ya wadudu, nikafuta na kitambaa kikavu. Wiki mbili baadaye umerudi palepale, na safari hii una mchirizi wa kahawia pembeni. Siku zilezile chaja nayo ikaanza kujishusha yenyewe toka ampea 32 hadi 16 ikishafanya kazi kama saa nzima, nikawa nafikiri ni umeme mdogo, kumbe ni habari moja.

Nikawapigia walioniuzia na kunifungia, wakasema ni vumbi, futa tu. Jamani, vumbi la kijani! Kijani cha namna hiyo kwenye kitu cha umeme ni kutu ya shaba, maana yake maji yameshafika kwenye waya. Nikazima brekaa ya chaja kwenye boksi kuu la umeme, nikaacha kuitumia kabisa, nikaita fundi mwingine mwenye leseni. Na hapa naomba tuelewane, kuzima kwenye apu sio kuzima, umeme bado umo ndani, kwa hiyo usijaribu kufungua kifuniko wewe mwenyewe.

Fundi alipofungua alinionyesha kwa tochi. Waya mkubwa uliingilia juu ya boksi, umeshuka ukutani moja kwa moja bila kupindwa, na ile nati ya plastiki yenye mpira ndani inayotakiwa kubana waya ilikuwa inazunguka kwa vidole tu. Mvua ikinyesha maji yanafuata waya hadi ndani. Skrubu moja ilikuwa imelegea, nyuzi za shaba zimeota kijani, na plastiki inayoizunguka imebadilika rangi kama maziwa yaliyoungua. Alinielezea hivi: waya ukishika vibaya ukazuia umeme kidogo tu, tuseme omu 0.02, kwa ampea 32 pale panatoka joto la wati 20 hivi, kwenye sehemu ndogo kama ncha ya kidole, tena kwa masaa. Ukishuka ampea 16 linabaki robo yake. Ndio maana chaja ilikuwa inajipunguza, ilikuwa inajiokoa, na kwa hilo naisifu kweli.

Alikata shaba iliyooza, akabadilisha kile kipande cha kufungia waya, akakaza kwa bisibisi maalumu inayopima nguvu kama kitabu cha chaja kinavyosema, kisha akaingiza waya kwa chini na kuupinda kwanza ili maji yadondoke kabla hayajafika kwenye boksi. Kazi ya asubuhi moja!

Plagi nayo tuliikagua. Pini zilikuwa na weusi mwepesi, nikaogopa, akasema pini nyingi zimepakwa fedha na fedha huwa inafifia hivyo, huo hauna shida. Wa kuogopa ni masizi, plastiki iliyovimba au kulainika, au harufu ya kuungua, ukiona hivyo usichomeke tena. Pini usisugue kwa msasa maana unatoa ule mpako, na usipulizie mafuta ya kulainisha, yanakamata uchafu.

Kwa hiyo chaja naipa nyota 4, moja nimeitoa kwa sababu plagi haina kifuniko cha mpira na kitabu kinaongelea kupinda waya kwa mstari mmoja tu huko mwishoni. Ufungaji wa mwanzo naupa nyota 1. Tangu itengenezwe imepigwa na mvua nyingi tu, kila Jumapili napitisha tishu nyeupe chini ya boksi, inatoka safi, na ampea zinakaa 32 hadi gari linajaa.