Blizzard of Ozz ya 2002: niliyoagiza siyo niliyopewa

Kwanza nitoe jibu, maana najua kuna mtu saa hii yuko dukani ameishika hiyo CD mkononi: irudishe ulipoitoa. Igeuze nyuma, tafuta yale maandishi madogo kabisa ya chini, na ukiona mwaka 2002 usinunue, hata ukipunguziwa nusu bei. Na kama hapo chini pamebandikwa stika ya bei, mwambie muuzaji aibandue mbele yako kabla hujatoa shilingi.

Naizungumzia Blizzard of Ozz ya Ozzy Osbourne, mwimbaji wa hevi metali wa Uingereza, albamu ya mwaka 1980. Tangu Ozzy afariki Julai 2025, wiki chache tu baada ya kuwaaga mashabiki kwao Birmingham, nimekuwa nikizitafuta albamu zake moja moja nizishike mkononi. Kwenye simu zipo, najua, lakini bando likiisha na muziki umekwisha. Nilitaka CD niitie kwenye deki, amplifaya ipate moto, nisikilize mwanzo hadi mwisho bila kukatizwa na mtu.

Kuna duka moja la ex-UK pande za Mwembe Tayari, hapa Mombasa, jina silitaji. Lauza spika na amplifaya za mtumba, na mwenyewe huwaagizia watu CD kutoka nje. Amplifaya yangu nilinunua kwake na sina neno nayo, ipigwe mchana na usiku haichoki. Kwa hivyo nilimwamini. Nilimweleza kwa mdomo, nikamwandikia na kwenye WhatsApp ili pasiwe na mzozo: nataka toleo la 2011, ama lolote la kabla ya 2002, la 2002 lenyewe sitaki. Akanijibu kwa kidole gumba. Nikatuma pesa kwa M-Pesa, shilingi 2,500.

Sababu ya kulikataa toleo la 2002 si madoido. Bendi iliyorekodi albamu ile ilikuwa ya watu wanne: Ozzy akiimba, Randy Rhoads kwenye gita, Bob Daisley kwenye besi, Lee Kerslake kwenye ngoma, na Don Airey akawasaidia kwa kinanda. Nyimbo karibu zote zina jina la Daisley kwenye utunzi, pamoja na Ozzy na Randy. Miaka ikapita, Daisley na Kerslake wakaenda mahakamani kudai malipo yao. Toleo la 2002 lilipotoka, besi ya Daisley haimo na ngoma za Kerslake hazimo. Zimefutwa. Wakaletwa Robert Trujillo na Mike Bordin wapige upya, juu ya sauti ya Ozzy na gita la Randy vilivyorekodiwa zaidi ya miaka ishirini nyuma. Randy mwenyewe alikuwa keshakufa kitambo, ajali ya ndege kule Florida, Machi 1982, kijana wa miaka 25. Hakuna aliyeweza kumuuliza kama anataka kupigiwa na watu wengine.

Sisi wa Pwani twalielewa jambo hili bila kufundishwa. Chukua kanda ya taarabu ya Zein l'Abdin, iache sauti yake na udi wake, kisha umfute mpiga dumbaki umuingize mwingine ambaye hata chumba kile hakuwahi kukikanyaga, halafu uiuze kwa jalada lilelile na jina lilelile. Wazee wa hapa wangekurudishia ukiwa bado waongea.

Sasa, siku ya kuchukua. CD ilikuwa imefungwa plastiki, ile ya kufungia hapohapo dukani, na stika ya bei imebandikwa chini kabisa nyuma, palepale penye mwaka. Nikamuomba aifungue nione. Akasema ikifunguliwa imeuzwa. Nikamwambia ami, ishauzwa, pesa unazo tangu mwezi uliopita. Nikaibandua ile plastiki, nikaikwangua stika kwa ukucha, gundi ikabaki imenata kwenye ganda, na katikati ya gundi ukatokeza mwaka wenyewe. 2002.

Nikamuonyesha, na nikamfungulia ujumbe wangu kwenye simu. Hakuutazama.

"Sasa hii si ndiyo? Nyimbo si ni zizo hizo? Zihesabu."

"Nyimbo ni zizo, ami. Watu ndio siyo. Humu aliyepiga besi ni mtu mwingine."

Akawageukia wateja wawili waliokuwa wakijaribu spika pale mlangoni, akacheka kwa sauti.

"Mwenyewe ashakufa, huyu amlilia mpiga besi!"

Na wale wawili wakacheka naye.

Hilo neno bado linanikaa rohoni hadi ninavyoandika hapa. Ni mtu wa rika la babangu, nimemwita ami tangu siku ya kwanza nilipoingia kwake, kumjibu ovyo mbele za watu siwezi na sitaweza. Lakini huwezi kumfanyia mzaha mtu kwa kumpenda aliyekufa. Kerslake pia amekufa, Septemba 2020. Kifo chao ndicho sababu ya sisi wasikilizaji kuwa wakali zaidi, kwa sababu wao wenyewe hawawezi tena kusema "hii siyo kazi yangu."

Nikaomba pesa yangu. Akanionyesha kidole ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Kibao hicho kipo kila duka la mji huu, na kila mara nikikiona sasa damu yanichemka. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu chasema mnunuzi ana haki ya bidhaa ya ubora unaofaa na ya kupewa habari anazohitaji juu yake. Mimi habari nilikuwa nazo, nikazitoa mwenyewe kwa maandishi, na bado nikafunikiwa mwaka kwa stika. Nikaondoka na CD, kwa sababu pesa yangu iko ndani yake.

Nyumbani sikutaka kuisikiliza. Usiku nikaisikiliza.

Lazima niseme kweli: sauti ni safi. Waliposafisha, walisafisha. Trujillo ana vidole vya chuma, mwaka uliofuata alichukuliwa na bendi ya Metallica na haikuwa bahati nasibu. Bordin ni mpiga ngoma mzito wa Faith No More, hapigi vibaya hata kidogo. Mtu ambaye hajawahi kuisikia albamu hii akianzia hapa, huenda akaipenda, na sitamlaumu. Hawa wawili waliitwa kazini wakafanya kazi.

Lakini mimi albamu hii naijua. Kwenye Crazy Train besi ndiyo inayotembea mwanzoni kabla ya gita kuingia, na ya Daisley ilikuwa na mwendo wake, yajivuta kidogo halafu yaruka. Humu imenyooka, imefuata mstari. Kwenye Revelation (Mother Earth) Daisley alikuwa akizungumza na Randy, gita likipanda yeye ashuka, likinyamaza ajaza. Hayo mazungumzo hayapo tena. Randy bado asema upande wake, na anayemjibu hakuwa chumbani wakati akisema. Ukishalisikia hilo huwezi kuacha kulisikia. Na ngoma zimewekwa mbele, nzito, za kisasa, juu ya gita la 1980 ambalo Randy alikuwa akilirudia kipande kilekile mara tatu na kuzipanga sauti tatu moja juu ya nyingine. Utatu ule ulihitaji nafasi, na nafasi imekaliwa.

Halafu nikarudi nyuma kwenye Dee. Ni kipande kidogo cha gita pekee, hakifiki dakika moja, Randy alikitunga kwa ajili ya mamake, Delores, mwalimu wa muziki. Hakina besi wala ngoma, kwa hivyo hakikuwa na mtu wa kufutwa. Nilikaa kitandani nikasikia kila kucha ikigusa uzi, na kwa muda huo nilikuwa radhi kumsamehe ami, na duka, na kampuni, na kila mtu. Nilifikiri labda niiweke tu, kwa ajili ya kipande hiki pekee shilingi 2,500 si kitu.

Kisha ukaanza wimbo unaofuata, Suicide Solution, besi ikaingia, na nikaizima deki.

Watu wa hevi metali tumezoea kuyalalamikia matoleo haya ya rimasta, yaani yaliyosafishwa sauti upya, kwa sababu ya kelele, na malalamiko hayo ni ya haki. Sauti ya dijitali ina dari. Ukiisukuma juu ipigie kelele kuliko albamu ya jirani, vilele vyote vyakatwa, ngoma yapoteza mpigo na mwisho masikio yachoka bila kujua yachokea nini. Death Magnetic ya Metallica ilitoka 2008 ikiwa imebanwa hivyo tangu mwanzo, hata mashabiki wakagundua kuwa nyimbo zile zasikika vizuri zaidi ndani ya mchezo wa Guitar Hero kuliko kwenye CD. Hilo ni kosa, lakini ni kosa la kiasi: watu wote bado wamo ndani, wamesongamana tu.

Kinyume chake chukueni ...And Justice for All, ya Metallica haohao. Ya 1988, besi ya Jason Newsted haisikiki karibu kabisa, jambo tulilogombania miaka yote. Iliposafishwa upya 2018 wengi walingojea besi ipande. Haikupanda. Nilikasirika wakati ule. Sasa nasema walifanya sawa. Rimasta hufanywa juu ya mchanganyiko uliokwisha kukamilika: waongeza uzito hapa, wapunguza ukali pale, waondoa mchakacho wa kanda, basi. Kumtoa mpigaji mmoja na kumtia mwingine lazima urudi kwenye kanda za mwanzo, kila chombo kwenye njia yake, uchanganye upya. Hiyo ni albamu nyingine. Wangeiuza kwa jina jingine na jalada jingine nisingeandika hata neno.

Na kampuni yenyewe ilikubali kimyakimya. Mwaka 2011, kwa kuadhimisha miaka thelathini ya albamu, ilitolewa tena na Daisley na Kerslake wakarudishwa mahali pao. Hilo ndilo toleo la kununua, sauti ni safi na watu ni wenyewe. La 1995 pia lina wapigaji wa asili, ukilipata kwenye mitumba usiliache. Ndiyo maana hasira yangu haishuki: dawa ya ugonjwa huu ipo tangu 2011, na mtu bado ananiuzia ugonjwa, kwa bei ya dawa, kisha anichekea.

Basi hukumu yangu nilitaka kuilegeza kidogo. Nilikuwa niandike: ukiikuta kwa bei ya kutupa, shilingi mia mbili mia tatu, ichukue kwa ajili ya Dee. Nilikuwa nimeshaandika hivyo. Lakini juzi nikapata ujumbe kutoka dukani, si kwa ami, kwa kijana wake anayesimama kaunta, na mwandiko wa heshima kabisa: "Kaka samahani kwa yale ya siku ile. Mzee asema tukubadilishie. Tumepata Diary of a Madman, hali nzuri."

Nilifurahi, sifichi. Diary, albamu ya Ozzy ya 1981, kwangu ni kubwa kuliko Blizzard. Pia yauma zaidi ukijua habari yake: Daisley na Kerslake ndio waliopiga mle, lakini albamu ilipotoka jalada lilikuwa na majina ya Rudy Sarzo na Tommy Aldridge, walioingia kwenye bendi baadaye. Jina walinyang'anywa mwanzo, na toleo la 2002 la albamu hiyo nalo likawafuta sauti vilevile, likawatia walewale Trujillo na Bordin. La 2011 likawarudisha.

Nikamwandikia kijana, naomba picha ya nyuma. Akatuma. Plastiki ileile ya dukani, stika ileile ya bei, chini kabisa. Nikamwambia ndugu yangu, ibandue hiyo stika unipigie picha tena. Akakaa sana. Picha ya pili ikaja na alama za ukucha kwenye gundi, nami nikaivuta kwa vidole viwili hadi herufi zikatawanyika.

2002.

Ile sentensi ya mia mbili mia tatu nimeifuta. Usiichukue hata ya bure. Kijana nimemshukuru, hana kosa, na nimemwambia amfikishie mzee salamu zangu pamoja na nambari yangu ya M-Pesa: sitaki kubadilishiwa, nataka 2,500 yangu.