Fundi Umeme Mwenye Leseni kwa Soketi Moja: Pesa Yako Inakwenda Wapi?

Soketi ya jikoni imeungua upande mmoja ikawa ya kahawia, na birika likichomekwa inanuka plastiki. Mpangaji wa Dar es Salaam hapo ana milango mitatu ya kubisha. Kuna kijana wa mtaani mwenye bisibisi mfukoni, kuna fundi anayeelekezwa na duka la vifaa vya umeme, na kuna fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Wa kwanza anafika kabla chai haijapoa na anadai kidogo. Wa tatu ana ada ya kufika, na mara nyingi anakataa kutaja bei mpaka aone kwa macho. Huyu wa tatu ndiye tunayempima hapa, tena kwa kazi zile ndogondogo ambazo watu husema hazina haja ya mtu wa vyeti.

Kukaza skrubu si ujuzi wa kulipia leseni. Tofauti inaanza kabla kifuniko hakijafunguliwa. Fundi wa kweli anauliza kwanza: soketi hii inachomekwa nini, breka imewahi kujikata, nani aliigusa mara ya mwisho? Kisha anajaribu maltimita yake, yaani kipimo cha umeme, mahali penye umeme, anazima breka ya saketi husika, anapima soketi atakayofungua, halafu anarudi kuijaribu maltimita mahali penye umeme. Mzunguko huo si mbwembwe. Maltimita iliyokufa inasoma sifuri sawasawa na waya usio na umeme. Ile bisibisi yenye taa ndani, testa ya mtaani, haitoshi kwa kazi hii. Inaweza kuwaka kwa umeme wa kuambukiza kutoka waya wa jirani, na inaweza kukaa kimya wakati laivu, yaani waya wenye umeme, ipo.

Sasa tuifungue soketi yenyewe. Birika la wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 linavuta kama ampia 8.7, na soketi imetengenezwa kwa ampia 13. Kwa hiyo birika halina kosa. Joto linatoka kwenye muungano uliolegea: skrubu haikubana nyuzi zote, au vibano vya ndani vimepoteza mkazo kwa kuchomoa na kuchomeka. Fundi wa haraka anabadilisha soketi na kurudishia ncha zilezile zilizoungua. Shaba iliyopauka kwa joto haigusani vizuri na skrubu, na baada ya muda soketi mpya nayo inageuka kahawia. Kazi sahihi ni kukata ncha mpaka shaba ing'ae, kumenya kama milimita 10, kukaza, kisha kuvuta kila waya kwa mkono kuona kama umeshika. Waya ukiwa mfupi unarefushwa kwa konekta ndani ya boksi. Kusokota na kuzungushia tepu nyeusi ni kuahirisha moto.

Hapo hapo fundi anatakiwa kutazama unene wa waya. Soketi zinataka 2.5 mm², taa 1.5 mm². Nyumba za kupangisha zilizojengwa kwa kubana matumizi zina soketi zilizovutiwa waya wa taa, na kuna waya wa bei poa ambao ni alumini iliyopakwa shaba. Ukiukwangua kwa wembe unaona weupe ndani. Fundi anayeona hayo akanyamaza amekuuzia soketi tu.

Kosa kubwa kuliko yote liko kwenye breka. Breka ya ampia 20 inajikata kila mara, anakuja mtu anaweka ya 32, tatizo "linaisha". Breka ipo kulinda waya uliofukiwa ukutani. Haipo kwa ajili ya friji wala pasi. Ukiipandisha, waya ndio unaokuwa fyuzi. Breka ya 32 kwenye 2.5 mm² inakubalika pale tu soketi zimeungwa kwa ringi, waya ukitoka kwenye breka na kurudi kwenye breka ileile, na jambo hilo linathibitishwa kwa kupima ncha zote mbili. Akikuambia "hii itakuwa ringi", mwulize amejuaje. Breka inayojikata inatafutwa chanzo: chomoa kila kitu, irudishe, kisha chomeka kifaa kimoja kimoja. Ikijikata wakati hakuna kilichochomekwa, kosa liko kwenye waya au soketi, na hapo ndipo inahitajika mega, kipimo kinachosukuma volti 500 kuona kama ganda la waya bado linazuia umeme. Chini ya megaohmu 1 haipiti. Mafundi wengi wa mtaani hawana mega, na hii pekee inatosha kuhalalisha ada ya kufika.

Shawa ya umeme ndiyo kazi "ndogo" inayodanganya kuliko zote. Ya wati 5,500 inavuta kama ampia 24 mfululizo. Inataka laini yake peke yake kutoka kwenye meni swichi, waya wa 6 mm² kwa joto la Dar, RCD (kifaa kinachokata umeme unapovuja) ya miliampia 30 na ethi, waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, inayofanya kazi. Kuitoa kwenye soketi ya jirani au kwenye waya wa taa ya bafuni ni hatari kwa anayeoga. Fundi mwenye leseni akipima akakuta ethi haipo, atakataa kuifunga. Wapangaji wengi wanalalamikia kukataa huku kama ukaidi. Sisi tunahesabu kukataa huko kama sehemu bora ya huduma.

Nyingine ni nyepesi. Taa ya LED inayobaki na mwanga hafifu ikiwa imezimwa inaweza kuwa na swichi iliyokata nyutro, waya wa kurudisha umeme, badala ya laivu, na hapo holda bado ina umeme hata swichi ikiwa imezimwa. Feni ya dari inayozunguka kivivu kwa kawaida inataka kapasita mpya tu. Usikubali kuuziwa feni nzima kabla hiyo haijajaribiwa.

Sasa kasoro za huduma yenyewe. Kwa soketi moja atakupanga siku mbili tatu mbele, kwa sababu kazi za kuvuta waya nyumba nzima ndizo zinazomlipa. Pia kuna mchezo wa leseni kubaki nyumbani: unaonyeshwa karatasi ya mtu mmoja, anakuja kijana wake. Uliza kwa jina ni nani atakayefika, na utazame leseni kama bado haijaisha muda. Cheti cha VETA ni uthibitisho wa mafunzo, nacho ni kizuri, lakini leseni ni kitu kingine. Na akigusa lakiri ya mita ya LUKU, msimamishe. Hapo ni mali ya TANESCO, na wa kujieleza utakuwa wewe unayeishi humo.

Kabla ya kazi, mtumie mwenye nyumba picha na ujumbe, usubiri jibu lake la maandishi. Mkataba ukiwa kimya, mazoea ni kwamba balbu ni za mpangaji, na waya wa ukutani, breka na ethi ni vya mwenye nyumba. Vifaa nunua dukani mwenyewe au pamoja na fundi, vyenye alama ya TBS, kwa risiti ya EFD. Ufundi uandikiwe risiti yake peke yake, na soketi iliyoungua ibaki kwako mpaka hesabu na mwenye nyumba iishe.

Umeme ukirudishwa, chemsha birika mara tatu mfululizo, uchomoe, kisha gusa uso wa soketi kwa mgongo wa kiganja. Uvuguvugu si neno. Ukijikuta unarudisha mkono haraka, fundi afungue tena kabla hujamalizia malipo.