SonoVue kwa kongosho la mbwa: nguvu yake na mipaka yake

Kwa daktari wa mifugo anayetaka kujua damu inafikaje kwenye kongosho la mbwa bila kumpasua, SonoVue ndiyo dawa tunayoipendekeza kwanza. Ni viputo vya gesi ya salfa heksafloraidi vyenye utando wa fosfolipidi na kipenyo cha wastani cha mikroni 2.5. Vinapita kwenye kapilari (mishipa midogo kabisa ya damu) lakini havitoki nje ya mishipa, kwa hiyo kinachong'aa kwenye ultrasaundi ni damu tu. Kontrasti ya CT, yaani dawa ya kung'arisha picha za eksirei ya kompyuta, huvuja hadi kwenye tishu. SonoVue imesajiliwa kwa matumizi ya watu. Mwenye mbwa aelezwe hilo mapema na aridhie.

Ubora wake huharibika zaidi wakati wa kuitayarisha. Kichupa kina miligramu 25 za unga. Ongeza mililita 5 za maji ya chumvi ya 0.9% na utikise kwa nguvu sekunde 20, hadi yawe meupe kama maziwa. Baada ya hapo adui ni shinikizo. Sindano nyembamba kuliko geji 20 hupasua viputo, na kuvuta bomba kwa haraka kunafanya vivyo hivyo. Kwenye koki ya njia tatu, dawa ipite tundu lililonyooka na kanula (mrija ulio ndani ya mshipa), maji ya kusukumia ndiyo yapite pembeni. Kipimo ni mililita 0.03 hadi 0.05 kwa kilo, yaani mililita 0.3 hadi 0.5 kwa mbwa wa kilo 10, na papo hapo mililita 5 za maji ya chumvi. Kichupa kikitulia viputo huelea juu, basi kitikise tena kabla ya kila kuvuta.

Mbwa afunge saa 12, maana gesi ya duodeni (mwanzo wa utumbo mwembamba) huziba kila kitu. Sehemu ya kulia ya kongosho ndiyo rahisi kupata: fuata duodeni, kisha tafuta vena ya kongosho na duodeni inayopita katikati ya tishu. Shusha MI (kipimo cha nguvu ya mawimbi ya mashine) hadi karibu 0.1; ikipanda, mashine yenyewe inapasua viputo. Proba (kichwa cha mashine kinachowekwa juu ya mwili) ya masafa ya juu huonyesha umbo vizuri, ila viputo hivi huitikia zaidi karibu na megahezi 3, kwa hiyo picha itafifia. Hapo tumia kipimo cha juu cha dawa, usiguse nguvu ya mashine.

Rekodi sekunde 90 kuanzia unapochoma. Hifadhi data ghafi, kwani video iliyobanwa hupotosha uhusiano kati ya mwangaza na wingi wa viputo. Eneo la kupimia liwe ndani ya tishu, kina kilekile kila safari, mbali na ile vena. Vena hiyo ikiingia hata kidogo, kilele cha grafu ya mwangaza kwa muda kinapanda bila sababu.

Isitarajiwe kutoa mililita za damu kwa dakika kwa kila gramu 100. Jibu la aina hiyo linataka CT ya mtiririko, ambayo humlazimu mbwa kulazwa kwa nusukaputi, au chembe za mikroni 15 zinazohesabiwa kwenye tishu iliyokatwa, kazi ya maabara tu. SonoVue hulinganisha. Sisi huamini zaidi muda wa damu kufika na muda wa kufikia kilele kuliko urefu wa kilele, unaoyumba kwa kina na mafuta ya tumbo. Hata muda huo huvurugwa na deksimedetomidini, dawa ya kumtuliza mbwa, kwa sababu inapunguza damu inayosukumwa na moyo. Butofanoli, dawa nyingine ya kutuliza, ni pole zaidi. Chochote unachochagua, rudia dawa ileile na kipimo kilekile. Dozi ya pili mara nyingi hung'aa kuliko ya kwanza, hivyo linganisha ya pili na ya pili.

Inapostahili sifa kamili ni kwenye kongosho lililovimba ghafla. Tishu iliyovimba huwaka, iliyokufa hubaki nyeusi, na tofauti hiyo ultrasaundi ya kawaida huikosa. Kwa insulinoma (uvimbe wa kongosho unaotoa insulini) tuna tahadhari: nyingine huwaka, nyingine hufifia, na picha peke yake haitoi uamuzi.

Sonazoid, dawa nyingine ya viputo, ni mbadala mzuri ukitaka pia kukagua ini, kwa kuwa viputo vyake humezwa na seli za Kupffer (seli za ini zinazomeza chembe) na kuonyesha vidonda vya ini kwa muda mrefu. Kwa kongosho pekee hatuoni sababu ya kuhama.

Kasoro inayouma ni ukubwa wa kichupa: mbwa mmoja hutumia sehemu ndogo tu, na dawa ikishachanganywa hudumu saa 6.