Neno moja, bank, katika Oxford English Dictionary

Nilikuwa nikitafsiri sentensi ya Kiingereza ambamo ndege ilifanya kitendo kiitwacho bank, na kamusi ya bure iliyomo katika simu yangu ikanipa maana mbili tu, yaani benki na ukingo wa mto, ambazo hakuna hata moja iliyoifaa ndege iliyo angani. Ndipo nilipoigeukia Oxford English Dictionary ya mtandaoni.

Kamusi hii hailichukulii bank kuwa neno moja, bali imeigawa nomino yake katika vidahizo tofauti, yaani maneno yanayoorodheshwa kila moja peke yake, kwa kufuata asili. Tuta na ukingo ni neno lenye asili ya Skandinavia. Safu, kama ya makasia au ya vitufe vya kinanda, ilipitia Kifaransa cha kale ikimaanisha benchi. Benki ya fedha nayo ilitoka katika banca ya Kiitaliano, meza waliyofanyia kazi wabadili fedha. Ukizifuata njia hizo kwa subira, unazikuta zote zikirudi kwenye shina moja la kale la jamii ya lugha za Kijerumani, shina lililozaa pia neno la benchi. Nilicheka peke yangu: benki na benchi, ambayo Kiswahili kiliyapokea kama wageni wasiojuana, kumbe ni ndugu. Hata bankrupt, yaani aliyefilisika, ina meza hiyohiyo ndani yake, ila imevunjika.

Kila maana huthibitishwa kwa nukuu zenye tarehe, utaratibu uliofuatwa tangu sehemu ya kwanza ya kamusi ilipochapishwa mwaka 1884. Toleo la pili, la mwaka 1989, lilijaza mabuku 20. Maana hupangwa kwa umri, ya zamani ikitangulia, hivyo anayetaka matumizi ya leo kwa haraka hana budi kupita kwanza kwenye yaliyokwisha kufa. Tena, kuitumia kikamilifu kunahitaji usajili wa kulipia, ingawa zipo maktaba na vyuo vinavyowalipia wasomaji wao.

Ndege yangu niliikuta chini ya kitenzi kilichotokana na tuta, kwa kuwa inapokata kona huinama ubavu mmoja kama mteremko wa tuta hilo. Nikaandika: ndege ikalalia ubavu wa kushoto, ikageuka.