Nimepita brauza karibu zote, hii ndo niliyobaki nayo na sababu zake

Wakuu, wengi wetu brauza tunazotumia hatukuzichagua, tulizikuta kwenye simu au kompyuta tukaendelea nazo tu. Mimi nimepita Chrome, Edge, Opera, Brave, Vivaldi na Firefox, kila moja nimeifanya ndo brauza yangu kuu kwa muda wa kutosha, kazi zote humo humo, imeili humo, video humo, fomu za kujaza humo. Naona watu wanabishana sana kuhusu ipi ina spidi, na kwa ninavyoona mimi spidi ndo kitu cha mwisho cha kukuhamisha siku hizi, tofauti yenyewe ni ndogo mno kuiona kwa macho.

Sababu ni hii. Ndani ya kila brauza kuna injini, ndo inayosoma msimbo wa tovuti na kuuchora uwe ukurasa unaouona. Chrome inatumia Blink ambayo Google waliitoa kwenye WebKit mwaka 2013. Opera walikuwa na injini yao wenyewe inaitwa Presto, mwaka huo huo wakaiacha wakahamia huku. Microsoft nao walileta Edge mwaka 2015 na injini yao, ilipofika Januari 2020 wakatoa Edge mpya iliyojengwa juu ya Chromium, ule mradi wa msimbo wazi wa Google. Brave ni Chromium, Vivaldi ni Chromium, hata Samsung Internet ni Chromium. Sasa mtu anatoka Chrome kwenda Edge anasema amepata brauza tofauti kabisa, hapo umebadili bodi tu, injini ni ile ile. Zilizobaki kubwa za kujitegemea ni mbili, WebKit ya Apple iliyo kwenye Safari na Gecko ya Firefox. Na kama una iPhone jua kwamba miaka yote Apple wamelazimisha brauza zote zitumie WebKit, kwa hiyo Chrome ya kwenye iPhone ndani yake ni WebKit, Umoja wa Ulaya ndo waliwabana hadi wakafungua mlango mwaka 2024, tena kwa watumiaji wa huko huko Ulaya.

Kwa hiyo maswali ninayojiuliza mimi ni mengine: nani anamlipa aliyeitengeneza, inamruhusu nani anifuatilie, na je naweza kuongeza vitu ninavyovitaka bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Chrome kwanza, maana ndo inayotumiwa na watu wengi kuliko zote. Ni nzuri, sitasema uongo, tovuti zinafunguka bila shida kwa sababu watengenezaji wa tovuti wengi wanajaribia humo kwanza, na kama maisha yako yote yapo kwenye akaunti ya Google basi paswedi, alamisho na historia vinakufuata kila kifaa bila kuhangaika. Kula ram inakula, ila kuna sababu ya maana, inazitenga tovuti kila moja na chumba chake ili moja ikigoma isiziangushe nyingine na tovuti mbaya isichungulie ya jirani, na siku hizi kuna setingi ya kulaza kurasa ambazo huzitumii. Kilichonitoa ni viendelezi, yaani vile vijiprogramu unavyoongeza kwenye brauza. Google walibadilisha kanuni za viendelezi, wakaita Manifest V3, chini ya kanuni hizo kiendelezi hakiwezi tena kusimama katikati na kuzuia chenyewe kila ombi linalotoka kwenye ukurasa, kinaikabidhi brauza orodha ya vitu vya kuzuia halafu brauza ndo inafanya. Wao wanasema ni kwa ajili ya usalama na wepesi, na hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini matokeo yake uBlock Origin kamili, kile kiendelezi cha kuzuia matangazo, haifanyi kazi tena kwenye Chrome, kuna toleo jepesi tu linaitwa Lite. Na kampuni inayoamua hayo sehemu kubwa ya pesa yake inatoka kwenye matangazo. Mimi hilo lilinitosha.

Halafu mambo ya kuki (vipande vidogo vya data vinavyoachwa kwenye brauza yako) za watu wa tatu, zile zinazokufuata kutoka tovuti moja hadi nyingine. Safari ilizizuia zote mwaka 2020, Firefox mwaka 2022 ikaweka kila tovuti na kopo lake la kuki ili zisichanganyike, Chrome waliahidi 2020 kwamba wataziondoa, wakaahirisha wakaahirisha, 2024 wakasema basi zinabaki. Na tukiwa hapo hapo, jamani ile hali fiche (incognito) haikufichi kwa mtoa huduma wako wa intaneti wala kwa tovuti unayoingia, inachofanya ni kutoacha historia na kuki kwenye kifaa chako. Google walishtakiwa Marekani juu ya hilo na kwenye makubaliano ya 2024 wakakubali kufuta data nyingi walizokusanya watu wakiwa humo.

Edge naipa heshima yake kwa vitu viwili, kusoma PDF na kuandika juu yake bila programu nyingine, na kusoma kwa sauti, sauti zake ni kama mtu kabisa, hata Kiswahili kipo na kinasikika vizuri. Kama unasoma nyaraka ndefu kila siku iweke kwa kazi hiyo.

Opera sikukaa nayo sana. Mjue tu kwamba ile VPN yake ya bure ya kwenye kompyuta (njia ya kuficha mawasiliano yako ya intaneti) inafunika brauza peke yake, programu nyingine zinapita njia zao za kawaida. Opera Mini kwa kubana bando bado ni kiboko, ile modi ya kubana kabisa seva zao ndo zinafungua ukurasa, zinaukamua, wewe unaletewa kitu chepesi, ila maana yake kuna mtu katikati, kwa hiyo mambo ya benki na paswedi usiyafanyie kwenye modi hiyo. Vivaldi ni ya watu wanaopenda kupanga, mmoja wa waanzilishi wa Opera, Jon von Tetzchner, ndo yuko nyuma yake, unaweza kurundika kurasa kwa makundi, kuziweka mbili upande kwa upande, kuna hadi imeili ndani. Kwangu setingi zilikuwa nyingi kupita nilichohitaji.

Brave ndo iliyonichelewesha kuamua. Unaifungua tu matangazo hamna, vifuatiliaji vimezuiwa, hujagusa setingi hata moja, na ukiwa na mzazi au rafiki asiyependa kuchokonoa mambo mwekee hii. Aliyeianzisha ni Brendan Eich, yule yule aliyetengeneza JavaScript mwaka 1995. Lakini kuna mambo ya sarafu za kidijitali yamebandikwa humo ambayo mimi siyataki, na mwaka 2020 waligundulika wanajaza viungo vya kuwapa kamisheni mtu akiandika anwani za baadhi ya tovuti za sarafu hizo, wakaomba radhi wakarekebisha. Brauza inayojinadi kwa uaminifu, kitu kama hicho hakisahauliki haraka.

Nimebaki na Firefox. uBlock Origin kamili inafanya kazi, na kwenye Android pia unaweka viendelezi, tangu Desemba 2023 wamefungua vingi sana, kusoma habari kwenye simu bila ukurasa kurukaruka kwa matangazo ni raha ambayo siwezi kuiacha tena. Kitu kingine ni makontena, hapa ndo naisifia kwa moyo wote: nafungua akaunti yangu ya kazi na ya binafsi za huduma ile ile kwenye dirisha moja, kila moja na rangi yake, hazijuani, sitoki wala kuingia upya. Kutafsiri kurasa inafanya ndani ya kifaa chako chenyewe, maandishi hayatumwi kwenye seva ya mtu, ingawa lugha ni chache kuliko za Google.

Ila na yenyewe ina yake. Pesa nyingi za Mozilla, wenye Firefox, zinatoka kwa Google wanaolipia kuwa injini ya utafutaji ya mwanzo, hilo linanikera maana mpinzani wako ndo anakulisha. Februari 2025 walibadilisha masharti na ile ahadi ya kutouza data ikaondolewa, watu wakaja juu, wakaandika upya baadhi ya maneno. Nilizima vitu vyote vya kutuma taarifa kwenye setingi nikaendelea. Na zipo tovuti zilizotengenezwa na watu walioangalia Chrome tu, kuna mfumo mmoja wa ofisi kitufe cha kutuma fomu kilikuwa hakibonyezeki kabisa, kwa hiyo nimeacha Brave pembeni kwa dharura kama hizo.

Ukitaka kuhama, Firefox yenyewe inavuta alamisho kutoka brauza ya zamani, na paswedi moja kwa moja au kwa faili, usiifute ya zamani mpaka uhakikishe zote zimefika. Ukizitoa paswedi kwa faili la CSV kumbuka lile faili halina kufuli lolote, yeyote atakayelifungua anazisoma zote, kwa hiyo ukimaliza kuziingiza lifute, na kwenye pipa la taka pia, halafu weka paswedi kuu kwenye setingi za Firefox ndo uanze kazi.